Wiki Niliyoambiwa Nipumzike

Kabla sijafika kwa mambo ya koo langu, wacha nianze na redio ya Mama Atieno, kwa sababu bila hiyo redio hamtaelewa vile nilichanganyikiwa.

Mama Atieno alikuwa na kibanda cha chai pale Laini Saba, Kibera, karibu na reli, wakati mimi nilikuwa kijana mwenye meno yote. Nilikuwa nimetoka Maragoli juzi tu, shule nimeiachia darasa la nne, nafundishwa kutengeneza jiko za makaa na fundi mmoja ambaye nyundo zilikuwa zimemla masikio. Saa nne tulikuwa tunaenda kwa Mama Atieno kunywa chai. Redio yake ilifungwa kwa nguzo na waya ili isitembee na mtu, na tangu asubuhi ilikuwa ni rumba. Fundi wangu hakusikia watu wakimwita, lakini rumba aliisikia. Alisema inampitia kwa miguu.

Siku moja rumba ikakatika katikati. Kikaanza kitu cha fidla nyingi pamoja, polepole, hakuna maneno, hakuna ngoma, kama watu wengi wanaovuta pumzi kwa pua. Sisi vijana tulifikiri betri imechoka. Mama Atieno akazima stovu, akatoa kitambaa kichwani akakifunga kiunoni, akasema, "Kuna mkubwa amekufa."

Nikamuuliza amejuaje na hakuna mtu ametangaza.

"Wewe ni mtoto," akaniambia. "Redio ikiwacha kuimba ianze kulia bila maneno, hiyo ni maiti ya mtu wa serikali."

Na ilikuwa kweli. Mchana walitangaza. Siku hizo zote tulisikia fidla tu, na chai ya Mama Atieno ikawa haina sukari ya kutosha, kwa sababu alikuwa anatia huku akisikiliza. Tangu hapo huo muziki mimi nauita muziki wa mkubwa. Nikiusikia mahali popote, hata kwa simu ya mtu, nauliza nani ametutoka.

Sasa ruka miaka. Fundi wangu amekufa, Mama Atieno amekufa, mama watoto wangu naye ametangulia, na mimi nimezeeka Silanga nikitengeneza jiko zangu karibu na wale wanawake wa makaa. Nikapata kitu kwa koo. Sitaeleza huo ugonjwa, daktari wako atakueleza, na ukisahau atakueleza tena. Mimi naandika kwa sababu kila mtu Kibera akiambiwa atachomwa, anatumwa kwangu. Anakaa kwa banda, anaangalia shingo yangu. Basi nikamwomba mjukuu wangu daftari, niandike mara moja, wengine wasome.

Kuchomwa si moto, ni miale ya mashine. Wacha nianze hapo, kwa sababu mimi mtu wa jiko nilipoambiwa nitachomwa nilitafuta mlango. Unalazwa kwa meza. Unavalishwa wavu wa plastiki usoni, uliofinyangwa kwa kipimo chako wewe peke yako, unafungwa nao kwa meza usitikisike. Ile siku ya kuufinyanga, ukiwa moto na laini kama ugali uliozidi maji, nilisahau kuogopa. Nilikuwa naangalia kazi. Yule kijana aliyeufinyanga alikuwa na mkono mzuri. Halafu watu wote wanatoka, mashine inazunguka, inalia kama nyuki ndani ya debe, na imeisha. Husikii kitu. Utasikia baadaye.

Baadaye ni hivi. Mate yanakauka, unaamka ulimi umeshikana na juu. Chai inakuwa na ladha ya mabati. Shingo inakuwa nyeusi, halafu inang'aa, halafu inabambuka kama rangi ya mlango wa zamani. Suruali nilikuwa naifunga kwa kamba. Na sauti ikaenda. Mimi, mtu ambaye watoto wa Silanga walikuwa wanaacha mpira kuja kusikiliza hadithi zangu, nikabaki na hewa tu inayotoka. Niliandikiwa michomo thelathini na tatu. Nilianza wakati wa vumbi na jua la mwezi wa pili, na nikifika mchomo wa ishirini mvua ilikuwa imeshuka, njia ya Silanga ni matope, nafika hospitali na viatu viwili vya rangi moja ambayo si yao.

Huko kwa benchi ndiko nilijuana na Mulwa.

Mulwa alikuwa mtu wa Kitui, anashona akala, vile viatu vya tairi, pale Laini Saba, na ajabu ni kwamba tulikuwa tumekaa miaka yote karibu hivyo na hatujawahi kuonana mpaka tukaletwa pamoja na hii kitu. Yake ilikuwa kwa bomba la chakula. Mimi nilikuwa siwezi kusema, yeye hawezi kumeza, kwa hivyo tulifaana. Ile benchi ni ya chuma yenye matundu, na sisi sote makalio yalikuwa yameisha. Mulwa alikuja na sponji, kipande alichokata kwa godoro kuukuu, kikubwa cha kutosha mtu na nusu. Mimi nilikuwa ile nusu. Akienda chooni aliacha sponji kwa benchi, na hakuna mtu angekaa hapo. Ilikuwa kama mtungi kwa foleni ya maji kwetu Silanga: mtungi ukiwa kwa laini, mwenyewe yuko, hata kama ameenda kulala.

"Mluhya hali ugali na hasemi," alikuwa ananiambia mbele ya watu. "Sasa hapa nimekaa na kabila gani?"

Nami namwonyesha kwa mkono vile watu wa kwao hutembea mbali kutafuta maji. Anacheka mpaka anakohoa, nesi anatuangalia.

Wacha nirudi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, nimemaliza michomo ishirini na moja. Daktari akaangalia shingo, akatikisa kichwa. Alikuwa msichana, mdogo kwa Rispa binti yangu. Akaniambia, "Mzee, ngozi imefunguka. Tukiendelea tutakuumiza bure. Pumzika wiki moja ijishone, Jumatatu ijayo urudi tumalize zile kumi na mbili. Na usikose. Ukikosa, hii kazi yote tumefanya inaweza kuharibika."

Nikainua kidole gumba. Nilikuwa nimefurahi kama mtoto aliyefungiwa shule.

Lakini nikiwa bado nafunga vifungo, nesi akatoa kichwa mlangoni. Watu walikuwa wengi, mvua inapiga madirisha. Akaita, "Wa huyu mzee ni nani? Leo hachomwi. Daktari amesema apumzike." Akarudi ndani.

Sasa nyinyi mnatujua. Kwetu mtu hafi. Kanisani, kwa redio, kwa tangazo lililobandikwa kwa mti wa stima, mtu amepumzika. Nilimwona Rispa akishika ukuta. Nikafikiri ni uchovu, maana alikuwa ameacha kazi yake ya kupika githeri ili anisindikize. Akanichukua mkono kama mtu anayeshika yai, akasema, "Twende kwangu, baba. Hautarudi Silanga." Akaomba nesi nini na nini, sijui, karatasi zangu, hata ile ya tarehe ya kurudi, zikabaki kwa faili. Mulwa alikuwa ameingia ndani kwa daktari wakati huo. Sikumuaga.

Rispa anakaa Kawangware, sehemu inayoitwa Kongo, kwa ploti ya vyumba kumi na moja vinavyotazamana, na kamba za nguo katikati. Alinipa kitanda chake. Mimi nilijua ninapumzika wiki moja. Yeye alijua ninapumzika. Tukaingia wiki hiyo kila mtu na yake, na mimi sina sauti ya kuuliza.

Jumanne wamama wa kanisa walikuja. Kwanza wawili, halafu saba. Walinikata kucha. Walinikanda miguu na mafuta. Mmoja alichuja uji wa wimbi kwa kitambaa mpaka ukawa laini kama maziwa, na nikumbushe hapa niseme: huo uji ndio uliniokoa, wewe unayesoma mwambie mtu wako auchuje mara mbili, ausubiri upoe, asikupe moto. Rispa alikuwa anaingia na kutoka, macho mekundu, nikafikiri ni moshi. Nilijiambia watu ni wazuri sana, ni vile tu sikuwa nimewahi kuugua.

Alasiri akaingia Otieno, aliyekuwa mwanafunzi wangu wa jiko kabla aende kujenga banda lake. Akakaa, akafinya kofia. "Fundi," akasema, "ule mkasi wa mabati uliopotea. Ni mimi."

Nikamwangalia. Ule mkasi niliutafuta miaka. Nilifukuza kijana mwingine kwa sababu yake.

"Nataka uende na roho safi," akasema.

Niende wapi? Nilifikiri anamaanisha hospitali. Nikamtikisia kichwa, kwamba sawa, akalia kwa kwikwi, akanipigia magoti, mimi nikiwa nawaza tu kama bado anao na kama unakata.

Jumatano akafika ndugu yangu Hezron kutoka Maragoli. Hezron ni mkubwa wangu kwa miaka miwili na kwa maneno miaka ishirini. Tangu mazishi ya baba yetu tulikuwa hatuongei vizuri, ni mambo ya mpaka wa shamba, tuyaache. Alisimama mlangoni, akanipima kutoka kichwa hadi miguu kama fundi wa mbao.

"Mwana wetu," akasema, "umeisha hivi?"

Halafu akafungua mfuko akatoa suti. Nyeusi, mpya. Wakanisimamisha wakanivalisha. Mabega yalikuwa yanashuka mpaka kwa viwiko.

"Ni kubwa," Rispa akasema.

"Haidhuru," Hezron akasema. "Itabanwa kwa nyuma. Nyuma haionekani."

Mimi nikafikiri ni ya tamasha. Kwa sababu sijawaambia: mjukuu wangu, Kageha wa Rispa, anacheza fidla. Ile ya kuwekwa chini ya kidevu. Kuna watu walianzisha muziki huo kwa ukumbi wa kanisa hapo Kawangware, wanafundisha watoto wa mtaa, na huyu akashikwa nao kama wengine wanavyoshikwa na mpira. Jumamosi walikuwa na tamasha. Kwa hivyo suti, nikaona ni heshima. Lakini mbona kubanwa nyuma? Watu wanaokaa nyuma yangu si wataona? Nililala na hiyo hesabu.

Alhamisi ndiyo ilinimaliza. Kageha alitoka mazoezi na wenzake watatu, mmoja amebeba ile fidla kubwa inayokaa kati ya magoti. Wakapanga viti uani chini ya nguo. "Guga," akaniambia, ndivyo tunaita babu kwetu, "niaje? Leo tumekuletea laivu, hadi mlangoni. Wewe kaa tu, usistress."

Na wakaanza.

Watu wangu, mlango ulikuwa wazi, mimi nimelala na shuka jeupe mpaka kifuani, na uani kukaanza redio ya Mama Atieno. Polepole. Hakuna maneno. Ile fidla kubwa ilikuwa inaingia kwa mbao za kitanda, inanipitia mgongoni. Mwanamke aliyekuwa anafua akaacha maji. Jirani mwenye spika ya nyimbo za injili akaizima, na huyo mtu hajawahi kuizima tangu Rispa ahamie hapo. Bibi mmoja mzee wa chumba cha mwisho, umri wangu, akatoka, akaangalia vijana, akaangalia mlango wangu, akatoa kitambaa kichwani akakifunga kiunoni.

Hapo ndipo nilijiuliza mara ya kwanza: nani amekufa?

Walipomaliza Hezron akaingia, akakaa kitandani. Akasema kwa sauti ya chini, kwa Kimaragoli, kwamba mambo yetu ya shamba yameisha. Kwamba ameshaonyesha vijana mahali, karibu na mama watoto, upande wa juu, hapatuami maji. Kwamba ni vizuri mtu apumzikie nyumbani badala ya kuletwa kwa sanduku.

Kama ungeniona. Nilitafuta sauti ikatoka hewa. Nilishika mkono wake, nikaonyesha kalenda, nikaonyesha shingo, nikaonyesha vidole kumi na viwili. Akafikiri nahesabu wajukuu. Kageha akaniletea penseli na karatasi. Nikaandika kwa herufi kubwa, maana ndizo nazijua: JUMATATU.

Hezron akasoma. Macho yakamjaa machozi.

"Ndiyo, ndugu yangu," akasema. "Ni Jumatatu. Gari limepatikana. Tunatoka asubuhi mapema."

Nikachukua penseli tena. Nikaandika DAKTARI. Rispa akaisoma, akaniinamia, akasema, "Najua, baba. Aliniambia. Usijisumbue."

Sasa hapa lazima niseme ukweli, hata kama ni wa aibu. Ningeweza kuandika zaidi. Darasa la nne linatosha kuandika KUMI NA MBILI ZIMEBAKI. Lakini Rispa aliposema daktari alimwambia, penseli ilinikwama. Nilijiuliza, kwani alimwambia nini? Madaktari si huambia mgonjwa kitu kitamu na kuambia familia ukweli? Labda ile wiki moja ilikuwa yangu, na ya Rispa ilikuwa ya kweli. Yule msichana daktari alikuwa ametikisa kichwa kabla ya kusema. Kwa nini alitikisa kichwa? Niliogopa kuuliza nijibiwe. Nikakunja karatasi nikaiweka chini ya mto.

Wewe unayesoma, ukifika hapo, usikunje karatasi. Mimi niliikunja, ndiyo maana nakuambia.

Ijumaa siikumbuki vizuri. Kuna ile dawa ya maji ya maumivu, nilikunywa, na siku ikawa kama kioo chenye mvuke. Watu waliingia wakatoka. Mwenye nyumba aliyenikodisha banda Silanga alikuja na ndizi ambazo nisingemeza. Kageha alikaa mlangoni akirudiarudia kipande kimoja, anakosea mahali pamoja, anarudi nyuma, anakosea tena. Nilianza kungojea lile kosa. Likifika nilikuwa nashukuru, kwa sababu nilijua kwa redio hawakosei, kwa hivyo mimi bado niko. Niliwaza Jumatatu. Saa tatu asubuhi nesi ataita jina langu. Atarudia mara mbili. Mulwa atasema, ngoja, yuko njiani, na mimi nitakuwa nimepita Nakuru nimelazwa kwa kiti cha nyuma na suti iliyobanwa. Nilitaka kwenda hospitali. Na wakati huohuo, niseme tu, nilitaka kwenda nyumbani, nioneshwe pale upande wa juu pasipotuama maji. Yote mawili. Mtu anaweza kutaka yote mawili.

Jumamosi wakanivalisha suti, Rispa akaikusanya nyuma kwa pini za nepi, tukaenda ukumbini taratibu, Hezron mkono mmoja, Otieno mwingine. Walinipa kiti cha mbele. Ukumbi ulijaa wamama, watoto, mafundi na nguo za kazi. Vijana kama arobaini wakakaa na fidla zao, na Kageha safu ya pili, anang'ata mdomo.

Sitawadanganya kwamba niliuelewa huo muziki. Unapanda, unafikiri umefika, unashuka. Unakaribia kusema kitu, hausemi. Lakini nilikuwa nimezoea. Kile kipande cha Kageha kilipokaribia, nikashika goti. Akapita lile kosa bila kukosea. Nikaona baridi. Nikajiambia, haya, imekuwa kama ya redio.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka, na nikasikia akala kwa sakafu, kwap, kwap. Nilizijua. Mulwa akaja katikati ya viti vya watu, pole mama, pole mama, sponji kwapani, akapata nafasi kando ya Hezron, akaweka sponji, akakaa. Alikuwa amekonda zaidi. Akainama mbele ya ndugu yangu kunifikia, na kwa vile fidla zilikuwa zimepanda juu, akasema kwa sauti ya kuuza akala:

"Fundi. Nimekutafuta Silanga mpaka viatu vimekwisha. Wananiambia umepumzishwa Kawangware. Nikasema, mbona mimi nimepumzishwa na niko kwangu tu?"

Watu wakageuka. Hezron akasema, "Mzee, heshima. Hapa kuna mgonjwa."

"Na mimi ni nini? Mimi ni muuza mitumba?" Mulwa akasema. "Huyu na mimi ni wa benchi moja. Wiki moja ya ngozi, daktari ametupa sote, Jumatatu tunarudi kuchomwa. Wewe ni nani wake?"

"Kurudi wapi?"

"Hospitali. Bado ana kumi na mbili. Mimi nina tisa. Fundi, hukuwaambia?"

Fidla zilikuwa bado zinaendelea. Rispa alikuwa upande wangu mwingine. Alinigeukia polepole sana. "Baba," akasema, "ni wiki moja?"

Nikainua kidole kimoja.

"Apumzike, ni apumzike tu? Kama kupumzika?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Rispa akaweka uso kwa mapaja yake, mabega yakaanza kutetemeka, na mama wa nyuma akampa leso akidhani ni muziki umemgusa. Alikuwa anacheka. Halafu hakuwa anacheka. Hezron alikaa wima akiangalia mbele kama mtu anayepigwa picha. Akasema, "Na lile gari?" Muziki ukaisha, watu wakapiga makofi, na yeye akapiga makofi zaidi ya wote, mpaka nikamwonea huruma.

Tulipotoka Kageha alikuja mbio. "Guga, uliskia? Sikukosea."

Mulwa akamwambia, "Umecheza vizuri, msichana. Lakini huyu babu yako uwe unampigia rumba. Hii inawapa watu wake mawazo."

Hezron alirudi Maragoli Jumapili. Kabla aende alinishika mkono akaniuliza kama yale aliyosema ya shamba bado ni yale aliyosema. Nikainua kidole gumba. Suti aliiacha. Iko msumarini, sijui ni ya nini sasa.

Jumatatu tulifika mapema, Rispa na mimi. Ngozi ilikuwa imejishona, rangi ya waridi, kama mguu wa mtoto. Mulwa alikuwa ameshafika. Akasogea, nikapata nusu yangu ya sponji. Mvua ilikuwa imeacha. Alikuwa mchangamfu sana, anamwambia kila mtu kwa benchi kwamba mimi nilizikwa kwa fidla arobaini na bado nimekuja kuchukua nafasi zao. Rispa akamwambia, "Mzee, haki, wacha." Yeye mwenyewe anacheka.

Akaitwa kwanza. "Nishikie," akasema, akagonga sponji.

Hakukaa ndani. Mimi najua muda wa kuchomwa, na huo haukuwa. Alitoka akiwa na shati lake limefungwa vifungo vyote mpaka juu. Yule daktari msichana alisimama mlangoni nyuma yake kidogo, halafu akaingia. Mulwa akasimama mbele yangu, hakukaa.

"Nimeambiwa nipumzike," akasema.

Nikainua kidole kimoja.

Akakiangalia hicho kidole. Akakishika, akakikunja taratibu ndani ya ngumi yangu, akaipiga ngumi mara mbili kama mtu anayefunga kopo.

"Tuseme hivyo, Fundi," akasema. "Wacha nione jua kidogo."

Mama mmoja alikuja akauliza kama hapa kuna mtu. Nikaweka mkono juu ya sponji, nikamtikisia kichwa kwamba yuko. Nesi akaita jina langu, akaita tena. Nikavua kofia, nikaiweka hapo, mtu asikae. Kwa mlango wa vioo niliona mgongo wake ukipita, kwap, kwap, hatembei haraka, hatembei polepole, akashuka ngazi upande wa geti. Hakurudi.